Mstari Niliosahau Kuufunga

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa binadamu kalamu na akamtaka aogope anachokiandika. Namshukuru kwa macho aliyonibakizia, kwa mkate wa asubuhi, kwa subira aliyonigawia kidogo kidogo kama mtu anayejua mwanawe hawezi kubeba mzigo mkubwa. Namshukuru hata kwa hasira hii ninayoiandikia. Nimemwomba aiondoe katika sala nyingi, hajaiondoa, na mimi si wa kumuuliza sababu.

Kila siku baada ya Alasiri, jua likiwa bado lina nguvu, nakaa barazani kwangu hapa Kasuku, mtaa wa mji wa Kindu, na kufungua kompyuta ndogo ambayo betri yake ilikufa zamani. Inaishi kwa waya unaoshuka kutoka kwenye paneli iliyo juu ya bati. Nina tovuti yangu. Si ya biashara wala ya siasa. Nimeweka humo mawaidha ya mwalimu wangu, dua ambazo wazee wa hapa walizisoma kabla ya safari za mtoni, maelezo ya namna tulivyopika wino wa masizi, na kumbukumbu za mwaka mmoja wa vita. Niliijenga mwenyewe, nikiwa tayari mtu wa miwani, kutoka kwenye kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Kwa asiyeijua kazi hii ni rahisi kueleza. Ukitaka maneno yaonekane manene, unaweka mbele yake alama fulani ndani ya mabano yenye pembe kali. Maneno yakiisha, unairudia alama ile ile, ila unaitangulizia mkwaju, kile kimstari kilichoinama upande. Alama ya kwanza inafungua, ya pili inafunga. Ukisahau kufunga, kompyuta haikuulizi wala haikukemei. Inaendelea na ulichoiamuru mpaka mwisho wa ukurasa. Nimewahi kunenepesha hotuba nzima kwa sababu ya mkwaju mmoja. Nimewahi kuweka picha ya msikiti wetu wa zamani ambayo hakuna aliyeiona kwa miezi, kwa kuwa niliacha alama ya nukuu bila kuifunga. Ndiyo maana nazipitia kurasa zangu kama mtu anayechagua mchele kwenye ungo, naokota kijiwe, natupa, naendelea. Mke wangu hunipita na beseni la nguo akisema, "Weye na hiyo mashini yako, muntu atafikiri unatafuta chawa." Namjibu kwamba chawa njo hao hao.

Ukurasa mmoja tu sikuwa naupitia, ule wa mwaka wa vita. Niliuandika, nikausahihisha mara moja, nikautuma, basi. Kila nilipokiona kichwa chake niliruka kwenda kwenye dua za safari. Watu wengine wanaogopa makaburi. Mimi niliogopa ukurasa wangu mwenyewe.

Mwaka huu, mvua zikiwa kali, Mama Zaituni alifariki. Alikuwa mke wa mwalimu wangu, Maalim Yusufu, na mwaka ule wa vita mimi na mwenzangu Sabiti tuliishi nyumbani kwake kama wanawe. Arobaini yake ilifanyika uani kwake, chini ya turubai la bluu, wanaume nje na wanawake ndani. Sabiti alikuja kwa ndege kutoka Lubumbashi. Tulipoachana alikuwa kijana wa mbavu za kuhesabika. Aliyeshuka kwenye moto, yaani pikipiki ya kukodi, pale mlangoni alikuwa mzee mwenye tumbo lililotangulia na kichwa kisicho na unywele. "Saidi," aliniambia, "umezeeka vibaya." Nikamwambia, "Na weye umezeeka kwa wingi." Tukacheka, kisha tukashikana mabega na kulia mbele ya watu.

Mbele kabisa, karibu na mashehe, alikaa Bwana Ramazani, mto umewekwa mgongoni mwake. Mchele wa siku ile ulikuwa wake. Mbuzi walikuwa wake, na turubai pia. Ni mfanyabiashara tangu ujana wake, na watu wa hapa wanamheshimu kwa vitu vinavyoonekana: kisima, bati za madrasa ninayofundisha, mikeka ya msikiti. Dua ilikuwa imekwisha na sahani zilikuwa zinapita. Sabiti, ambaye Mungu hakumjalia kunong'ona, akaniuliza kwa sauti yake ile ile ya zamani, "Saidi, juu ya nini ulikata habari ya Maalim kwenye ukurasa wako? Nimeisoma kule Lubumbashi, nikashindwa kulala." Nikamuuliza nimekata nini. Kabla hajanijibu, Bwana Ramazani alijibu kwa niaba yake. Alitoa simu, akayakuza maandishi kwa vidole viwili, akawapa waliokaa karibu.

"Musome wenyewe," alisema kwa upole. "Alikuwa ameandika maneno mabaya juu yangu. Nyuma ya siku kidogo akaona haya, akapiga mustari juu ya maneno yote, kwa mukono wake mwenyewe. Muntu akirudi kwenye haki, tumupokee. Mie nilishamusamehe."

Simu ilipita mikononi hadi ikanifikia. Ulikuwa ukurasa wangu, rangi zangu, jina langu chini. Kuanzia katikati mpaka mwisho, kila neno lilikuwa limekatwa kwa mstari mwembamba. Jina la Maalim limekatwa. Chumvi imekatwa. Maneno yake ya mwisho yamekatwa. Niliinua macho nikaona watu wananitazama kwa ile huruma wanayopewa wazee waliotubu. Shehe mmoja aliniwekea mkono gotini. Sijawahi kumpiga mtu maishani mwangu, na siku ile niliuhisi mkono wangu wa kulia ukijikunja wenyewe, kidole baada ya kidole.

Ili msomaji ajue ni nini kilichokatwa, nirudi kwenye mwaka wenyewe. Reli ilikuwa imekufa. Mabehewa yalisimama kituoni na majani yameota ndani. Mjini walikaa wenye silaha wa aina moja, msituni wa aina nyingine, na sisi katikati. Ukienda shambani ulikutana na hawa wakakuuliza ulikotoka, ukirudi wale wengine wakakuuliza ulikokwenda, na jibu lolote lilikuwa baya. Kuvuka mto Lualaba bila ruhusa kulitosha mtu kuuawa. Chumba chetu, mimi na Sabiti, kilikuwa cha nyuma, ukuta wa mbao upande mmoja na wa udongo upande wa pili, na kitanda kimoja cha miti. Kilinuka masizi, kwa sababu wino tuliupika humo humo. Karatasi hazikuwapo mjini, kwa hiyo tulinakili vitabu vya Maalim nyuma ya makaratasi ya reli aliyoyaokota kituoni. Upande mmoja orodha za mizigo ya pamba na mawese iliyosafiri zamani, upande wa pili milango ya kitabu kuhusu twahara na sala. Maalim alikuwa na sharti moja katika kunakili. Ukikosea, usikwangue kwa wembe na usifute kwa mate. Pita mstari juu ya kosa, lionekane bado, na lililo sahihi uliandike pembeni. Wanazuoni wa kale, alisema, walifanya hivyo kwa sababu kilichokwanguliwa hakina shahidi. "Ukilifuta kosa, kesho utaapa hukukosea," alituambia, "na keshokutwa utasema mwenzako njo alikosea." Sabiti alikuwa na mistari mingi kiasi kwamba Maalim aliuita mwandiko wake reli ya Kindu.

Tulikula sombe. Asubuhi sombe, jioni sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na mawese kidogo mawese yakipatikana, na bugali nyembamba ya muhogo. Njaa ile niliizoea. Kilichotushinda ni chumvi. Asiyewahi kukosa chumvi kwa miezi anaweza kudhani ni jambo la ladha. Ni jambo la mwili mzima. Miguu inalegea, kichwa kinakuwa chepesi, na unajikuta unalamba mkono wako mwenyewe baada ya kazi. Mama Zaituni alichoma maganda ya ndizi, akachuja majivu yake kwa maji, akatupikia na maji yale machungu. Sabiti akakunja uso. "Mama, hii iko sabuni." Mama akamjibu, "Kama iko sabuni, kula, utasafika tumbo. Kwa nje umeshindwa." Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, Mwamini, na alikuwa akitutania hivyo hivyo huku ananyonyesha na macho yameingia ndani.

Siku moja ya mvua kubwa, njia ikiwa haina mtu, Bwana Ramazani aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa jirani yetu, duka lake lilitazamana na nyumba ya Maalim. Sisi tulikuwa chumbani tunanakili, na ukuta wa mbao haukuficha hata kikohozi.

"Maalim, wale bantu wa bunduki wanazunguka maduka moja moja," alisema. "Wakikuta mali wanachukua, na mwenye mali wanamuchukua pia. Nina mifuko miwili ya chumvi. Kwako hawatatafuta. Weye uko muntu wa Mungu, tena muntu masikini."

"Asante kwa umasikini," Mama Zaituni alisema.

"Mama, sikutukana."

"Hapana, umesema kweli. Endelea."

Maalim aliuliza jambo moja tu. "Ni amana?"

"Njo amana. Siku ya kuichukua nitakupimia kikombe."

"Kikombe ni chako, sikitaki. Ilete."

Mfuko mmoja ukawekwa juu ya dari, nyuma ya kuni. Mwingine ukawekwa chini ya kitanda chetu. Nataka msomaji aitazame picha hiyo, maana mimi naitazama kila siku. Vijana wawili wanaolamba mikono yao wenyewe walilala kwa miezi juu ya mfuko wa chumvi, na mama anayenyonyesha alipika kwa majivu akiwa na mfuko mwingine juu ya kichwa chake. Hakuna aliyeigusa. Mvua zilipozidi, mfuko wa chini ya kitanda ukaanza kutoa maji, kama chumvi inavyofanya hewa ikiwa na unyevu, na ardhi ikalowa. Sabiti alichovya kidole kwenye tope lile akalamba. Maalim alikuwa amesimama mlangoni.

"Sabiti."

"Maalim, sijagusa chumvi. Hii iko jasho lake tu."

Maalim alicheka hadi akakaa chini. Kisha akasema, "Jasho la amana ni amana." Tangu siku hiyo Mama Zaituni akaweka bakuli chini ya mfuko. Maji yaliyodondoka aliyaanika juani, na chumvi kidogo iliyobaki kwenye bakuli aliikwangua na kuitia katika kopo la maziwa la zamani. Kopo lile alilifunika kwa kitambaa na kuliweka juu ya rafu ya vitabu, mahali ambapo kila mmoja wetu aliliona akiamka.

Wale wenye silaha wa mjini walikuja siku ya Ijumaa, baada ya sala, jua likiwa kali. Walianza dukani kwa Ramazani, tukasikia vitu vinaanguka. Halafu wakavuka njia naye katikati yao, shati limetoka kwenye suruali. Sijui alikuwa ameambiwa nini kule ndani. Waliingia moja kwa moja chumbani kwetu, hawakutafuta kwingine, wakauvuta mfuko kutoka chini ya kitanda hadi uani. Mkubwa wao, kijana ambaye hakunizidi umri, akaukanyaga kwa buti na kuuliza ni wa nani.

"Ni amana," Maalim alisema. "Si yangu."

"Ya nani?"

Maalim alimtazama Ramazani. Alimtazama bila ukali, kama mwenyeji anayempa mgeni nafasi ya kusema kwanza. Sisi sote tulimtazama. Ramazani aliitazama ardhi. Nilifungua mdomo, na Maalim, bila kunigeukia, akasema, "Nyamaza, Saidi." Nikanyamaza. Nilikuwa nimefundishwa kutii, na nilitii.

Ndipo Ramazani akasema, na maneno yake nimeyabeba miaka yote hii bila kuyapunguza wala kuyaongeza. "Mie nakaa ng'ambo ya njia tu. Ya ndani ya nyumba ya muntu siyajui. Nasikia vijana wake wanavukaka mto."

Mtu anayevuka mto alikuwa mtu wa msituni, na mtu wa msituni hakuifikia jioni akiwa hai. Bunduki zikatugeukia mimi na Sabiti. Maalim alisogea mbele yetu, kanzu yake nyeupe bado ina mikunjo ya Ijumaa, akasema, "Vijana hawa hawajavuka mto. Wananakili vitabu. Mwenye nyumba ni mimi, mnichukue mimi." Wakamchukua. Walikwenda naye upande wa kituo, mfuko umebebwa na askari nyuma yake. Hakurudi, na kaburi lake hatukuonyeshwa.

Nimebishana na Maalim katika moyo wangu tangu siku hiyo. Nimesoma vitabu zaidi ya alivyosoma yeye, na najua sheria ingemruhusu kumtaja mwenye mali akiwa chini ya bunduki. Nadhani alijua pia. Nadhani aliona kwamba akimtaja, anamuua jirani yake, na akaona afadhali jirani ajitaje mwenyewe. Hofu ya Ramazani naielewa. Mimi pia niliogopa. Kama angenyamaza tu, ningekuwa nimeshamsamehe. Alisema. Alitoa vichwa vya vijana wawili ili kununua chake, na alivitoa kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa.

Na wiki ilikuwa haijaisha. Wanawake walikuwa bado wamekaa chini kwa msiba usio na maiti. Ramazani aliingia tena kwa mlango ule wa nyuma, akatoa pole, akakaa, akazungusha kofia mkononi. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta.

"Mama Zaituni," alisema, "ule wa juu haukuonekana?"

Mama aliinuka, mtoto mgongoni. Akapanda juu ya kinu kilichogeuzwa, akaondoa kuni moja moja, akauvuta mfuko wa pili. Nilitaka kumsaidia akanizuia kwa kiwiko. Aliuweka mbele ya Ramazani, kamba ikiwa imefungwa kama ilivyokuja. Kisha akaenda kwenye rafu, akachukua kopo, akaliweka juu ya mfuko. "Na hii," alisema, "ni ile iliyodondoka." Ramazani alichukua vyote. Hata kopo. Alipotoka nilimwambia Mama kwamba ningeumwaga mtoni mfuko ule, ningeumwaga njiani, watu waokote. Aliketi, akamgeuza mtoto kifuani. "Muntu asiseme nyumba hii ilikula amana," akasema. Jioni ile alitupikia sombe kwa majivu, na sote tulikula.

Hayo ndiyo niliyoyaandika kwenye ukurasa. Nilipomaliza, nilimwendea Mama Zaituni, nikamsomea yote, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia. Alisikiliza hadi mwisho, akanisahihisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika kwamba walikuja siku ya Alhamisi. "Hapana, baba," alisema. "Ilikuwa Ijumaa. Asubuhi yake njo nilipiga pasi kanzu yake." Nilirudi nyumbani kurekebisha. Mwandishi mwingine angefuta neno Alhamisi na kuandika Ijumaa, ikaisha. Mimi ni mwanafunzi wa Maalim Yusufu. Niliweka alama ya kukata mbele ya Alhamisi, neno libaki likionekana na mstari juu yake, nikaandika Ijumaa pembeni. Mtandao ulikuwa unakwenda na kurudi, niliharakisha kutuma kabla haujakatika, na mkwaju wa kufunga sikuuandika. Kompyuta ikafanya ilichoambiwa. Ilikata Alhamisi, ikakata Ijumaa, ikamkata Maalim, ikakata chumvi, ikakata neno la Mama Zaituni kuhusu amana, mpaka chini.

Haya yote niliyaona kwa mara moja, nimekaa chini ya turubai la Ramazani, nimeshika simu yake. Nikasema kwa sauti kwamba sikukata kitu, kwamba ni alama iliyosahauliwa kufungwa. Bwana Ramazani akatabasamu kwa walio karibu naye. "Sasa ni kosa la mashini," alisema. Wawili watatu wakacheka naye.

Mwamini alikuwa mlangoni na sinia la chai. Yule mtoto wa mgongoni sasa ni mwanamke mwenye watoto wakubwa, na kwa muda wa mwaka na zaidi alikuwa hanisalimii ila kwa kichwa. Nilidhani ni uchovu wa kumuuguza mama yake. Aliweka sinia chini, akaja kwa wanaume bila kujali.

"Kwa hiyo si weye ulikata?"

"Si mimi, Mwamini. Wallahi si mimi."

"Mie niliona ule mustari," alisema. "Nikamusomea mama. Nikamwambia, Saidi amekata neno juu ya Baba. Mama akaniambia nikuache. Akasema, ana watoto, na Ramazani njo aliezeka madrasa yake, afanye nini. Akanikataza kukuuliza."

Namwomba Mungu anisamehe kwa nitakachosema. Katika msiba wote ule, hata siku ya Ijumaa yenyewe, sikuwahi kuwa na hasira kama hii. Katika miezi ya mwisho ya Mama Zaituni nilimtembelea mara kwa mara. Alinipa chai. Aliniuliza habari za mke wangu na goti langu. Alikuwa ameamini kwamba nimemuuza mume wake kwa mabati, na akanimiminia chai, akanihurumia, akafa hivyo. Hakuna alama nitakayoifunga ikamfikia huko.

Nilikwenda nyumbani, mtaa wa pili, nikarudi na kompyuta na waya wake. Sabiti aliichomoa simu ya mtu mmoja kwenye paneli ya jua ya nyumba ile ili nichomeke, akaniunganishia mtandao wa simu yake. Shehe mmoja aliinama akaniambia, "Maalim Saidi, hapa si mahali." Mwamini akamjibu yeye, "Shehe, njo mahali. Ni kwa mama yangu." Nikaufungua ukurasa, nikatelemka hadi Alhamisi. Pale ilipokuwa alama ya kufungua, hapakuwa na ya kufunga. Nilimwonyesha Mwamini kwa kidole, kisha Sabiti, kisha shehe, ambaye alivaa miwani yake. Nikaandika mkwaju. Nikatuma. Mistari ikaondoka juu ya maneno yote isipokuwa neno moja, Alhamisi, na mstari huo nimeuacha.

Bwana Ramazani alisema, "Saidi, leo ni arobaini ya muntu. Mambo ya zamani tumwachie Mungu." Nilimwambia nimemwachia Mungu, na kwamba Mungu hakuwahi kuniamuru niyafiche. Nilikuwa na mengi zaidi mdomoni, na Sabiti alinikanyaga mguu, naye alifanya vizuri.

Mwamini aliichukua kompyuta, akaiweka juu ya meza ya sahani, akaanza kusoma. Alisoma polepole, kwa kuwa alikuwa anausoma kwa mara ya kwanza bila mstari. Wanawake walitoka ndani mmoja mmoja wakasimama ukutani. Watu wengine waliweka sahani chini, wengine waliendelea kula mchele wa Ramazani huku wanasikiliza, na siwalaumu. Alipofika kwenye maneno ya vijana wanaovuka mto, Bwana Ramazani aliomba viatu vyake. Hakuna aliyemletea. Aliinuka mwenyewe, akavitafuta kwenye lundo la viatu mlangoni, akainama kwa taabu. Nilimtazama mgongo, mgongo wa mzee kama wangu, nikangoja moyo ulainike kama nilivyofundishwa. Haukulainika. Naliandika hili kama lilivyo, kwa sababu nimechoka na vitu vinavyofunikwa.

Nje, moto aliyoipanda iliwashwa, ikanguruma, moshi ukaingia uani. Mwamini alishika ukingo wa meza, kidole chake kikiwa juu ya neno alilofikia, akangoja mpaka ngurumo ikapita kona ya mtaa na kupotea. Kisha akairudia tangu mwanzo ile sentensi ambayo kelele zilikuwa zimeifunika, na akaendelea kusoma.

Ewe uliyesoma hadi hapa, popote ulipo, Mwenyezi Mungu akupe jirani atakayetaja jina lake siku utakapoulizwa juu ya mali yake. Akulindie mlango wako wa mbele na wa nyuma. Akupe nafasi ya kueleweka na unaowapenda wakiwa bado wanasikia. Aurehemu mwili wa kila aliyekufa bila kaburi, na akujalie, wewe na walio nyumbani kwako, chakula chenye ladha na usingizi usio na hofu. Amina.